Tiketi Mbili za Guangzhou

Mimi ni mtu wa Garissa, naendesha teksi hapa Birmingham, na mambo ya mizimu hayanihusu. Aliyekufa azikwe, aombewe, basi. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani nilizaliwa na upuzi huu.

Jirani yangu hapa Aston ni Cleopas, Mkristo wa Vihiga, anayehudumia wazee katika nyumba moja kule Stechford. Mpole mpaka anaudhi. Mdogo wake, Bethuel, alikuwa akinunua vipuri vya simu Guangzhou na kuvipeleka Nairobi, hadi homa ikamchukua hukohuko. Walimchoma kabla mtu wa kwao hajafika. Majivu yakatumwa, yakazikwa, pasta akaomba. Lakini mama yao akakataa katakata. Alisema amezika jivu tu, mwanawe bado anatangatanga China, na kila alfajiri anabisha mlango wa jikoni. Ukifunguliwa, hakuna mtu. Mama hali, halali. Akamwagiza Cleopas akamlete: amsemeshe njia nzima, amlipie kila mahali, na asimkane hata mara moja.

Nilimcheka Cleopas mpaka akanuna. Akaenda hivyo hivyo.

Hakuna aliyeweza kumwonyesha hata kitanda alichofia ndugu yake. Alichokuwa nacho ni picha ambazo Bethuel alimtumia akiwa hai, amesimama mbele ya hiki na kile. Basi Cleopas akaamka asubuhi, akawa mtalii, akaanza kuzifuata picha.

Kwenye mnara mrefu wa picha ya kwanza, mwuza tiketi alimwinulia kidole kimoja. Yeye akainua viwili. Yule dada akachungulia nyuma yake, akakata mbili. Ndani ya lifti Cleopas alijibanza pembeni ili kuacha nafasi. Kule juu mji ulikuwa umezama kwenye ukungu, naye akamwonyesha ndugu yake mto, akamwambia kwa lugha ya kwao autazame kwa mara ya mwisho. Mchana akaagiza bakuli mbili za tambi, moja ikapoa mbele ya kiti kitupu. Bustanini mzee mmoja alitaka kuketi kando yake kwenye benchi. Cleopas akamwambia kwa Kiswahili kwamba hapo pana mtu, na mzee akaelewa, sijui vipi, akaenda zake akigeuka-geuka.

Jioni alipanda mashua ya kutazama taa mtoni, na hapo, aliniambia, bega lake la kushoto likaingia baridi. Watu walikuwa wakijipepea kwa joto, bega lile tu limekuwa barafu. Akalia kwa furaha. Alikuwa amempata.

Baridi ile ikalala naye hotelini, ikakaa naye kwenye ndege, katika kiti cha pili alichokilipia. Akashuka Birmingham macho mekundu kwa kukosa usingizi. Ofisa wa uhamiaji akatazama pasipoti, akamwuliza kama anasafiri peke yake. Swali la kila siku, na Cleopas akalijibu kama kila siku.

"Ndiyo," alisema. "Peke yangu."

Alikuwa anangoja sanduku lake aliposikia bega limepata joto. Alijaribu kurudi, akazuiwa. Ukishapita pale, umepita. Mama yake alipopiga simu kuuliza, "Mmefika?", alisema wamefika, na kule Vihiga mlango ukazidi kubishwa.

Sasa, kazi yangu mimi ni kusimama pale uwanjani na kibao chenye jina la abiria. Cleopas akaja kwangu kuazima kibao. Nilimwambia wazi kwamba amerukwa na akili. Kisha nikachukua kalamu, nikamwandikia mwenyewe kwa herufi kubwa: BETHUEL.

Tukasimama. Abiria wakatoka, wakapungua, wakaisha. Cleopas akaanza kulia bila sauti, mtu mzima yule, nikamwonea huruma. Nilitaka tu twende nyumbani, nikafanya mchezo. Wallahi, mchezo tu. Tulipofika kwenye gari nikafungua mlango wa nyuma, nikainama kama ninavyowafanyia wateja wakubwa.

"Karibu, Bethuel," nikasema. "Panda, ndugu yangu. Nitakufikisha kwenu."

Cleopas alinishika mkono, hakuuachia mpaka nilipouvuta nishike usukani. Mwezi uliofuata akasafiri kwenda Vihiga, akisema hewani njia nzima, na kila alipoulizwa alijibu kwamba wako wawili.

Siku hizo abiria wangu walikuwa wakilalamika kwamba kiti cha nyuma kina baridi. Nilipeleka gari kwa fundi, akasema hita ni nzima kabisa. Nikamwona fundi bure tu.

Nilikuwa nimeegesha Digbeth, karibu na kituo cha mabasi, simu ilipolia. Ni mama yao. Hatukuwahi kuzungumza hata siku moja. Akanisalimu vizuri, akaulizia watoto wangu. Akasema Cleopas amefika salama, amekula, amelala, lakini amefika mwenyewe tu. Akauliza ni nani aliyemkaribisha Bethuel kwa jina. Nikasema ni mimi. Akauliza nilimwahidi nini.

Hita ilikuwa inavuma kwa nguvu zote, na kisogo changu kilikuwa baridi.

"Mama," nikasema, "sasa nifanye nini?"

"Mlete, mwanangu," akasema. "Na wakikuuliza mko wangapi, usikosee."