Makaa ya Vifuu Sandukuni

Sanduku la nguo za harusi ya dada yangu lilifika kijijini kwetu Wambaa likinuka mafuta ya taa. Bwana harusi alikuwa akifanya kazi Unguja, akalituma kwa meli, na wakati wa kupakua bandari ya Mkoani dumu la mtu likavuja juu yake. Tulipofungua kifuniko, harufu ilitoka kabla hatujaona nguo.

Dada alilinyanyua gauni jeupe, akalinusa, akalirudisha taratibu. Mama alisema zifuliwe. Zikafuliwa zote, zikaanikwa, zikafukizwa udi. Udi ukakaa juu ya mafuta ya taa, harufu zikawa mbili.

Ilikuwa miaka ya vyama vingi, na sisi na watu wa bwana harusi tulikuwa wa vyama tofauti. Kijijini petu kuna waliofika kutozikana, na hata duka ulilonunua sukari lilikuwa na chama chake. Ndoa hii ilikubaliwa kwa shida. Dada asipovaa nguo alizoletewa, kwao watasema tumewadharau. Akivaa akanuka, kwetu watasema wametuletea uchafu makusudi. Kwa vyovyote ndoa ingeweza kuvunjika, na dada alimtaka mtu wake.

Mimi niliishia darasa la saba, na mbele ya watu wazima maneno yalinikwama. Siku zile nilikuwa natembea tu, ukumbini mpaka uani, uani mpaka ukumbini. Kilichonitembeza ni somo moja la sayansi.

Mwalimu wetu alishika penseli mkono mmoja na kipande cha kaa mkono wa pili, akasema vyeusi vyote viwili ni kaboni, na almasi pia ni kaboni, ila chembe zake zimeshikana kwa namna nyingine. Darasa likacheka. Mmoja akauliza, "Basi mwalimu, jikoni kwetu sisi matajiri?" Mwalimu naye akacheka. Kisha akatwambia kaboni haiyeyuki majini, haiozi, na kaa lililochomwa kwa kunyimwa hewa lina vitundu vidogo mno vinavyonasa harufu na rangi. La vifuu vya nazi, alisema, hushinda mengine. Alichuja maji ya rangi kwa kaa lililosagwa, yakatoka meupe. Hilo nililiona kwa macho.

Nilimwambia dada kwanza.

"Tutie makaa sandukuni."

"Makaa? Na gauni jeupe?"

"Pembeni. Ndani ya kitambaa."

Mama alisikia kutoka jikoni. "Huyu jua limempata. Nguo za harusi zitiwe weusi? Watu wakijua watasema tunamroga mume."

"Mwache, mama," dada alisema. "Kwani sasa hivi zina hali gani?"

Nikachimba shimo nyuma ya nyumba, nikajaza vifuu, nikavitia moto. Vilipokolea nikafunika kwa majani ya mgomba, juu yake udongo. Hewa ikiingia, kaboni huungua ikapotea hewani, nawe ukifukua unakuta jivu. Kwa hiyo sikutulia. Nilizunguka shimo, nikachutama, nikainuka, nikatia kiganja juu ya udongo. Kila ufa ulipotoa moshi niliuziba.

Hapo ndipo alipokuja shangazi yake bwana harusi, kutoka Tibirinzi, kutazama maandalizi. Alinikuta nimepiga magoti, mikono myeusi mpaka viwikoni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mnazika nini huku?"

"Vifuu."

"Vifuu navyo mnavisomea hitma? Nyinyi watu wa chama hicho mna mambo."

Alicheka, akaingia ndani. Nilisikia akiuliza nguo, na mama akimkaribisha chai. Nilipochungulia dirishani, mama alikuwa amekalia sanduku lenyewe, kanga ameitandaza mapajani.

"Zimempendeza?" mgeni aliuliza.

"Mno. Tumezifunga, hatutaki vumbi."

Hakuinuka hapo mpaka mgeni alipoaga.

Asubuhi yake nilifukua nikiwa na hofu ya jivu. Vifuu vilikuwa vyeusi, vyepesi, na vilipogongana vililia kama vigae. Nilivifunga katika vipande vya kikoi chakavu, nikaviweka kwenye pembe za sanduku, tukafunga. Nilikuwa naenda kugusa kitasa, dada ananifukuza. "Ukifungua kila saa yatanasa nini?"

Siku moja kabla ya harusi mama alifungua mwenyewe. Aliinamisha kichwa sandukuni, akakaa hivyo kitambo.

"Nusa wewe," alimwambia dada.

Dada alinusa kifua cha gauni, mikono, mshono mmoja mmoja. "Imebaki kidogo kwenye pindo."

"Pindo liko chini," mama alisema. "Nani atainama?"

Akachukua vifuu vilivyobaki nje, akavitia moto chetezoni, akaweka udi juu yake. Viliwaka bila moshi, udi ukapanda peke yake.

Siku ya harusi wanawake walikuwa ndani, nami nikawa natembea nje ya mlango. Shangazi wa Tibirinzi alitoka kutafuta maji, mama akiwa nyuma yake.

"Nimekaa ubavuni kwa bibi harusi," shangazi alisema. "Udi gani huo? Umetulia."

"Wa kawaida tu, mkwe wangu."

Shangazi akanigeukia, akatazama kucha zangu.

"Na wewe hujanawa tangu siku ile?"

Nilificha mikono nyuma. Nilikuwa nimenawa, kwa sabuni na kwa mchanga.