Jora Lililosababisha Mama Afukuzwe Kazini

Mama hakutulia tangu asikie kwamba lile jengo dogo la mawe kule mjini litabomolewa Jumatatu. Alishona nguo humo akiwa msichana, kisha akafukuzwa kwa kudaiwa kuiba jora zima la kitambaa. Hakurudi tena. "Nenda ukaliangalie," aliniambia, akizungukazunguka chumbani kwetu, mtaa wa Lucky Summer. "Uliza kama kuna anayenikumbuka."

Jumamosi asubuhi nilishuka mjini. Nililikuta jengo limebanwa kati ya maghorofa mawili, mabati yameliwa na kutu, madirisha yameshang'olewa. Mlinzi akanizuia mlangoni.

"Dada, hapa huingii. Hii kitu inaangushwa."

Muuza makufuli wa jirani ndiye aliyenielekeza mtaa wa Makadara, kwa Bi Zuhura, mjane wa fundi aliyekuwa na karakana ile ya cherehani.

Saa tano nilipiga hodi kwake.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani."

Akanisimulia taratibu, nami moyoni nikimhimiza: kwanza jengo lilikuwa ghala la ngozi, likawa hoteli ya chai, ndipo mumewe akaingiza cherehani sita. Nikamwambia mimi ni binti wa Rispa. Akakunja upindo wa leso yake.

"Lile jora lilionekana," akasema hatimaye. "Tulipobandua mbao za ukutani tulilikuta limeangukia nyuma. Mume wangu aliona haya kumtafuta mama yako. Nami nikanyamaza naye."

Nilisimama kwa hasira niende zangu.

"Ngoja nivae buibui," akasema. "Haya niyaseme mwenyewe."

Saa nane tulifika Lucky Summer. Mama alimtambua Bi Zuhura akiwa bado anavua viatu mlangoni. Alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Kesho twende mjini, Bi Zuhura. Nilifukuzwa mbele ya watu."

Jumapili tulisimama watatu kando ya barabara, mbele ya lile jengo. Muuza makufuli alitoka kibandani. Mlinzi naye akasogea. Bi Zuhura akashika mkono wa mama. "Huyu hakuiba. Sisi ndio tuliomkosea."

Nilikuwa nimedhani mama anataka habari za jengo. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa anasubiri sentensi moja tu, na mimi binti yake sikuwahi kumuuliza.

Mama alikuwa ameinua kichwa, anawatazama wapita njia.

"Rudia," akasema.

Bi Zuhura akarudia, kwa sauti zaidi.