Sukuma za Mwatate

Nilitoka Njukini siku ya Jumanne kwa sababu ya barua ya dada yangu, Wakesho. Ulikuwa mwaka uliofuata mvua za Elnino. Aliandika kwamba baraza la mji linataka kupanua jaa la taka la Voi literemke hadi bonde analolima sukuma wiki, na kwamba Alhamisi mtaalamu wa mazingira angekuja kuwauliza watu kabla ya kuandika ripoti. "Njoo useme wewe habari ya kisima," aliandika. "Sisi tunaouza sokoni hatuwezi. Wewe huna mteja hapa."

Ni kweli. Sikuwa na mteja Voi, wala shamba, wala mke. Nimepitisha miaka arobaini nikihamahama, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu kuona faida yake.

Maktau tulipita saa nne, mimi nikiwa juu ya magunia ya mahindi kwenye lori, mdomo umejaa vumbi jekundu. Baada ya Bura milima ya Taita ilikaa kushoto kwetu, kijani kama nilivyoiacha. Mwatate dereva alisimama. Akina mama walikuwa wamepanga sukuma za milimani kando ya barabara, zimenyunyiziwa maji.

Voi nilifika na njaa, nikaingia hoteli ya Mama Zuhura karibu na stesheni.

"Kula, mwanangu," alisema. "Hizo ni sukuma za dadako. Sipiki nyingine miye."

Nilikula sahani mbili.

Jioni Wakesho alinipeleka bondeni. Kisima ni shimo kwenye mchanga wa mkondo mkavu. Tulilichimba wenyewe tulipokuwa tukichunga mbuzi, tukanywa kwa viganja. Sasa jaa lilionekana juu yake. Mvua kubwa ilikuwa imeteremsha taka, na mifuko ya plastiki bado ilining'inia kwenye miba, kimo cha kifua changu.

Alichota debe moja. "Maji ya chai nanunua kwa mkokoteni," alisema kabla sijamuuliza.

"Na haya?"

"Haya ni ya sukuma."

"Jaa likishuka mpaka hapa?"

"Ndiyo maana nimekuita, kaka."

Alhamisi asubuhi tulikusanyika katika darasa la shule ya msingi. Mtaalamu alikuwa kijana mpole mwenye karatasi za maswali. Aliuliza kama kuna yeyote anayetumia maji ya chini ya jaa, kwa kunywa au kumwagilia. Nilianza kuinua mkono.

Mama Zuhura, aliyeketi mbele, akageuka. "Wakesho, wewe si ndiwe jirani wa jaa? Usije ukawa wanilisha taka."

Watu wakacheka.

"Zangu natoa Mwatate, Mama," dada alisema. "Uliza dereva yeyote."

"Haya. Roho yangu imetulia."

Mtaalamu aliuona mkono wangu. "Mzee, ulikuwa na neno?"

Nilimtazama Wakesho. Alikuwa akitazama sakafu.

"Nilitaka kujua tu mkutano unaisha saa ngapi," nilisema. Wakacheka tena. Kijana akaandika kitu, akafungua ukurasa mwingine.

Tulirudi kwa miguu, yeye mbele. Karibu na nyumba aliniuliza kwa nini nilinyamaza.

"Ulishasema ni za Mwatate."

"Mimi nilisema kwa kuwa nina wateja. Wewe ulikuwa unamwogopa nani?"

Nilitangulia kufungua mlango. Hata hivyo, Ijumaa alinisindikiza hadi kwenye lori na kunifungia furushi la sukuma. Mwatate tulisimama tena kwa akina mama wale wale. Nililifunika furushi kwa koti.

Nilikuwa nikiamini kwamba asiye na cha kupoteza husema kweli bila shida. Safari ile ilinifundisha kwamba hata yeye hunyamaza, tena bila sababu ya kujitetea nayo.

Miezi kadhaa baadaye Wakesho aliandika. Ripoti ilisema hakuna mtu anayetumia maji ya bonde lile, na tingatinga limekwisha fukia kisima. Hakunilaumu. Alisema tu kwamba siku hizi anadamka alfajiri kwenda Mwatate kununua sukuma za kuuza, na kwamba Mama Zuhura analalamika si laini kama zile za zamani.