Hakuna Sahani ya Pembeni

Sala ya Ijumaa imekwisha. Katika jiko la chuo kimoja cha ufundi mjini Malindi, Mwanasiti Shee anapakua pilau kwenye masinia, wanafunzi wanne kila sinia, Waislamu kwa Wakristo. Anayetaka sahani yake peke yake hapati.

"Atanuna weee, mwisho atakula," anasema mpishi huyu, wala hacheki.

Si ukaidi wa bure. Miaka mitatu iliyopita mwanawe, Zayd, alisomea umeme chuoni hapa, akila sinia moja na rafikiye Japheth, kijana wa bara ambaye hata siku ya Idi alikuwa akila nyumbani kwa kina Zayd. Ghafla Zayd akakataa. Alimwambia mamake kuwa haifai kutia mkono chakulani pamoja na kafiri.

Mwanasiti alidhani ni ugomvi wa vijana, utapita. Huruma ya mama ikamponza: akawa anampakulia sahani, anaifunika kawa, anamwekea pembeni. Zayd akawa anakula peke yake, simu mkononi, akisikiliza mawaidha ya mtu ambaye nyumbani hakuna aliyemjua. Japheth alikuja kumwambia mama kuwa rafikiye amebadilika. Akajibiwa amwache mwenzake.

Likizo ya Agosti, Zayd aliaga kwamba anakwenda kutafuta kibarua kwenye mashamba ya chumvi, Marereni. Hakufika. Alipiga simu mara moja tu, kutoka ng'ambo ya mpaka, kwa wanamgambo, akaomba radhi. Tangu hapo, kimya.

"Nilimtenga kwa mkono wangu mwenyewe," anasema Mwanasiti, machozi yakimtoka. "Nikidhani nampenda."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Mwezi uliopita Abdulqadir, mwanafunzi kutoka Gede, naye aliomba sahani yake mbali. Mwanasiti alinawa, akaketi naye kwenye sinia, wakala. Kisha akamuuliza ni nani aliyemkataza kula na wenziwe. Kijana alilia. Sasa anazungumza na mshauri wa chuo na shehe wa kwao, ingawa zipo siku anazoishia mlangoni mwa jiko.

Leo amesimama pale pale. Mwanasiti hamwiti, anaongeza pilau kwenye sinia lenye watu watatu. Baada ya kitambo Abdulqadir ananawa, anaketi.

Tumaini la Mwanasiti ni moja: Zayd arudi, hata kwa pingu.

"Polisi wakinikubalia, ale kwanza. Maswali wamuulize baadaye."

Japheth, ambaye sasa ni fundi umeme Mariakani, ameshamwambia kuwa siku hiyo naye aitwe.