Simu za Chepsaita Zilipojifunza Kutunza Siri

Niliondoka Eldoret kwa sababu ushirika wa maziwa wa Chepsaita ulikuwa umechoka kupiga kura kwa foleni. Miaka yote wanachama walisimama nyuma ya mgombea wamtakaye, mchana kweupe, na aliyeshindwa akawajua wote waliomkimbia. Safari hii walitaka kura ya siri kwa mashine, na programu ya mashine hizo niliiandika mimi.

Asubuhi, pikapu ya ushirika ilinichukua pamoja na tableti zangu za kupigia kura. Baada ya mji wa Turbo tuliacha lami, mahindi yakatuzunguka, na harufu ya udongo uliolowa ikaingia dirishani. Nayapenda mashamba haya kiasi cha kuchekwa. Baba yangu alikuja huku kutoka Bungoma akiwa kibarua, akazeekea huku huku.

Chepsaita nilipokewa na Mama Njoki, rafiki wa mama yangu. Duka lake lina unga, sukari, sabuni, na rafu ndefu ya simu. Wakulima wasio na stima huziacha hapo zichajiwe, wakaenda zao kukamua. Alinipa chai, akainama karibu na sikio langu.

"Nafula, mwenyekiti anagombea tena, na hii nyumba ya duka ni yake. Mimi simtaki, bei ya maziwa imelala tu. Lakini akijua, nitafunga. Nilitoka Timboroa na debe moja ya viazi, sina kwingine."

"Mama, mashine haisemi," nilimjibu kwa kifua kipana.

Alasiri tulifanya majaribio ya uchaguzi wa kesho yake katika ukumbi ulio jirani na duka. Wagombea wetu walikuwa wawili: chai, na mursik, yale maziwa lala ya kibuyuni ambayo wazee wa huku huyasifu kuliko asali. Mzee Rono, mfugaji mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto, alimpigia mursik kampeni hadi akakauka koo. Watu wakapiga kura nyuma ya pazia, kisha wakaja dukani kuchukua simu zao.

Simu zikaanza kulia rafuni. Huku, aliye karibu na simu humsomea mwenyewe meseji yake. Ni upole tu, wengine macho hayaoni vizuri. Kwa hiyo mama mmoja akachukua ya kwanza, akasoma kwa sauti: "Mzee Rono, hii yako. 'Asante. Umechagua chai.'"

Duka zima lilianguka kwa kicheko. "Mzee! Wewe na chai?"

"Ni hii tumbo yangu siku hizi," Mzee Rono akajitetea, naye akicheka.

Mama Njoki hakucheka. Alitazama rafu, akanitazama mimi. "Na kesho yangu itasema nini?"

Niliona aibu hadi masikioni. Meseji ile ilikuwa wazo langu, nililipata mjini ambako kila mtu ana simu yake mfukoni. Nikakaa papo hapo kwenye gunia la unga, nikafuta lile chaguo, ikabaki shukrani tu. Nikahakikisha pia kwamba mashine haiandiki popote jina la mtu pamoja na chaguo lake.

Mzee Rono hakuridhika. "Sasa mashine ikininyamazia hivyo, nitajuaje kura yangu haikugeuzwa?"

Swali lake lilikuwa la haki. Tuliazima mashine ndogo ya ushirika ya kuchapa risiti, tukaiunganisha: karatasi inatoka nyuma ya pazia, unaisoma mwenyewe, unaikunja, unaitia sandukuni. Karatasi zingehesabiwa mbele ya wote, kisha zilinganishwe na hesabu ya mashine.

Kesho yake watu walipiga kura wakiwa wametulia kuliko nilivyotarajia. Karatasi na mashine zilikubaliana, na mwenyekiti akashindwa.

Jioni alikuja dukani, akasimama mbele ya rafu. Aliwasha simu ambazo hazijachukuliwa, moja baada ya nyingine, akasoma meseji zote: "Asante. Kura yako imepokelewa." Akafika kwenye ya Mama Njoki. Ilisema yaleyale.

"Mama Njoki, kwani wewe ulinipigia?"

Nilishika kikombe changu kwa mikono miwili.

"Mwenyekiti, simu yenyewe haijui," akasema. "Sasa mimi ndio nitasema?"

Mwenyekiti alimkodolea macho, kisha akacheka, cheko la mtu aliyechoka. Akanunua sukari, akaenda nyumbani.

Wakati wa kurudi Eldoret, Mama Njoki alinifungia viazi kwenye gunia. Nilikuwa nimejifunza kwamba siri ya kura haiishii nyuma ya pazia. Huandamana na mtu hadi pale anapoacha simu yake. Lakini mazoea yana taabu. Nikiwa tayari ndani ya pikapu, nilichungulia dirishani.

"Mama, mimi si mtu wa nje. Mwishowe ulimpigia nani?"

Alinipiga kofi jepesi begani, macho yakimng'aa.

"Nafula, mwanangu, nakupenda sana," akasema. "Enda nyumbani."