Inyamanza mu Parseli Yetu

Kiangazi cha Uvira kina baridi yake, hata kama watu wa Bukavu, kule kwenye baridi ya kweli, wanatucheka tukisema hivyo. Asubuhi upepo unashuka milimani na majivu ya nyasi zinazochomwa kule juu, na mwaka ule nilikuwa natoka nje na kitenge begani kuangalia sahani ya kulishia ndege. Naangalia simu, naangalia sahani, naenda mpaka getini, narudi, naangalia simu tena. Mama yangu, mzee wangu, amekaa kwenye kiti chake mlangoni, ananifuata kwa macho.

"Weye, kaa basi chini! Unanizungusha kichwa."

Mimi na kukaa chini tuligombana zamani.

Sahani yenyewe ni ya bati. Binti yangu ndiye aliyeipigilia juu ya nguzo ya kamba ya nguo, ili ndege wale bila kuogopa paka. Tangu utoto wake yeye ni mtu wa ndege. Mwaka ule alivuka kwenda Bujumbura na mimba yake ya kwanza, apimwe na daktari, alale kwa wifi yake siku chache, arudi. Mpaka wa Burundi ukafungwa nyuma yake. Jioni taa za Bujumbura tunaziona ng'ambo ya ziwa, karibu kabisa, ungedhani ukipaza sauti mtu ataitika. Lakini mtu hapiti. Na tumbo lilikuwa linakua. Nilikuwa nataka kitu kimoja tu, arudi azalie hapa, mikononi mwangu, si mikononi mwa watu ambao hata sijui kama wanajua kuchemsha maji.

Sasa, mama ana mambo yake na inyamanza. Huyo ni ndege mdogo mweusi na mweupe, anatembea kwa miguu kama mtu, harukiruki kama shomoro, na mkia wake hautulii hata kidogo. Kwetu haumuui, haumfukuzi. Akiingia kutembea mu parseli, uani kwa mtu, maana yake kuna mgeni njiani, na mwenye nyumba anaongeza mchele mu sufuria kabla hata ya kuuliza ni nani. Mama aliamua kwamba inyamanza ndiye atakayetuletea habari ya mtoto. Kila asubuhi alinituma nijaze wali mu sahani.

Nikajaza. Wakaja shomoro, wakaja tetere wanene wanaotembea kama wenye nyumba, wakaja vijidege vyekundu vidogo ambavyo binti yangu alikuwa anaviita watoto wake. Wakala, wakapigana, wakanya juu ya mashuka yangu. Inyamanza, hakuna.

"Haji kwa sababu weye hauamini," mama akasema.

"Haji kwa sababu hali wali, mama! Huyo iko anakula nzi!"

Na hilo nililijua kwa macho yangu. Miaka yote inyamanza walikuwa wengi kwetu, tuko karibu na bandari ya Kalundu, na majirani wote wanaanika ndagala, dagaa wa ziwa letu, chini. Kwenye ndagala kuna nzi, kwenye nzi kuna inyamanza. Lakini ile ilikuwa miezi ya kufunga ziwa, samaki waachwe wazae. Mitumbwi imepinduliwa mchangani, nyavu zimekunjwa, hakuna anayeanika kitu. Hata nzi wenyewe walikuwa wamehama.

Mimi siamini mambo ya ndege. Ninasali, nimesoma, nimefundisha watoto wa watu. Lakini subira ikiisha, mtu anafanya nini? Nilichukua ndagala kavu za mwisho zilizobaki jikoni, nikaziloweka, nikazimwaga chini ya nguzo, nikaziacha zioze. Nilijiambia ni kwa ajili ya mama.

Ee Mungu wangu, ile harufu! Jirani akapanda juu ya tofali, akaweka kichwa juu ya ukuta.

"Mama mwalimu, kuna mutu amekufa kwenu?"

"Hapana, tunangojea mugeni."

"Na harufu hiyo? Akifika atarudi mbio!"

Nilimwambia arudi kwa mambo yake. Nzi walikuja. Walikuja kwa wingi hata mu chai. Na asubuhi moja, nikiwa napiga hatua zangu za kwenda getini, mama akanishika nguo. "Nyamaza. Tazama."

Alikuwa pale. Alitembea katikati ya parseli, akapiga nzi, akasimama, mkia juu, mkia chini, akapiga mwingine. Moyo wangu ulidunda, nikaukasirikia moyo wangu.

"Mama, minye nimemwita. Ni ndagala zangu zimemwita."

"Na minye nimekuuliza ni nani amemwita? Ameingia. Enda uongeze muchele."

Nikaongeza. Na si konzi moja, nilipika kama wa harusi, na mboga ya lengalenga, na samaki mukeke niliyeuziwa kwa maneno matamu na mtu aliyesema alimvua kabla ziwa halijafungwa, mwongo yule. Nilipika kwa hasira huku naimba. Nilitandika shuka kwenye kitanda cha binti yangu. Kila pikipiki iliyopunguza mwendo nje ilinitoa jikoni mbio, mwiko mkononi. Moja ilisimama kabisa, nikafungua geti, kumbe dereva anataka kuunganisha waya wa taa yake. Nilimtukana maskini wa Mungu bila kosa lolote.

Mchana ukafika, chakula kimepoa, mama hajagusa sahani yake. Simu ikalia. Namba ya Burundi.

"Mama," binti yangu akasema, na sauti yake ilikuwa na furaha kama ya siku za likizo, "muko wapi? Mumefika wapi?"

"Tumefika wapi namna gani?"

"Asubuhi inyamanza ametembea huku mu parseli ya wifi yangu. Nimewambia wote, mama yangu iko njiani. Nimeongeza muchele. Nimepika peke yangu, na tumbo hili! Munaingia saa ngapi?"

Nilikaa chini. Mimi, chini, kwenye kizingiti, karibu na miguu ya mama. Nilitaka kulia na nilitaka kumpiga jiwe yule ndege, Mungu anisamehe.

Mama alikuwa amesikia, simu yangu inapiga kelele. Akanyoosha mkono, akavuta sufuria karibu.

"Mwambie asingojee, chakula cha mwenye mimba hakiachwi kipoe," akasema. "Ale sehemu yetu."

Nikamwambia. Upande wa pili nikasikia anavuta pua, halafu kijiko kinagonga sahani. Hakukata simu. Na sisi tukanawa mikono, tukala sehemu yake.