Matanga ya Mfalme wa Kitabuni

Watu huniuliza kwa nini hadithi ndefu za majoka na wafalme wa nchi zisizokuwepo hazichuji. Wasomi wana majibu yao. Mimi nitakueleza polepole nilivyoona mwenyewe mtaani kwetu Mabatini, karibu na ziwa, nilipokuwa fundi cherehani, miaka ile mitumba iliporuhusiwa na watu wakaacha kushonesha nguo mpya. Kazi iliyobaki ilikuwa kupunguza suruali za wazungu warefu.

Ndani ya robota moja la mitumba nilikuta kitabu kinene cha Kiingereza. Kilikuwa na mfalme, upanga, na joka linaloishi ziwani. Wateja wakisubiri, niliwasimulia kwa Kiswahili, kurasa chache kila siku. Hakuna aliyeshangaa. Mzee mmoja wa kisiwani Ukerewe aliuliza tu joka hilo linakaa upande gani wa kisiwa.

Siku mfalme alipozama akipigana na joka, jirani yangu muuza dagaa alitua beseni lake chini.

"Maiti imepatikana, fundi?"

"Hapana, mama. Mtumbwi tu."

Akaanza kulia, na sote tulijua kwa nini. Mume wake alikwenda kuvua miaka miwili nyuma, ukarudi mtumbwi mtupu. Chama chetu cha kuzikana kilikataa kumwekea msiba, maana katiba ilisema msiba ni maiti. Tangu hapo hakuwa mke wala mjane. Alikuwa bado anapika ugali wa watu wawili.

Jumapili iliyofuata alisimama mkutanoni akaomba mfalme awekewe matanga.

"Alikuwa mwanachama?" aliuliza mwenyekiti, mama wa Kihaya, nesi mstaafu, aliyevaa miwani hata kusalimia.

"Hapana. Lakini tumeishi naye miezi mitatu."

"Ana ndugu hapa?"

"Fundi."

Watu wote wakanigeukia. Nikajikuta nimeinamisha kichwa.

"Mwenyekiti, huyo mtu hayupo!" alifoka muuza mkaa.

"Marehemu wote hawapo, baba. Kaa chini. Tatizo ni maiti."

Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe katibu akapendekeza kifungu kisomeke, "maiti, au mtumbwi wake." Wavuvi wote waliokaa nyuma walinyoosha mikono. Kikapita.

Basi tukafunga turubai, tukatandika mikeka, tukapika uji. Wakatoliki na Walutheri waligombea dhehebu la marehemu, wakakubaliana kuimba wimbo mmoja mmoja. Mimi, kama mfiwa, nilipokea mikono.

"Pole sana, fundi. Ameacha watoto?"

"Mmoja. Ana farasi."

"Afadhali."

Uji ulipoisha, muuza dagaa akasimama. "Kifungu kimepita," alisema. "Na mume wangu aliacha mtumbwi."

Hakuna aliyebisha. Mwenyekiti alivua miwani, akaamuru turubai lisifunguliwe. Kilio kilichofuata hakikuwa cha mfalme tena, na kilichukua siku tatu.

Ndiyo maana nasema hadithi hizi hazichuji. Jambo la mtu wa kweli lilikuwa limekataliwa kwa katiba. Mtu asiyekuwepo aliingia mkutanoni bila kadi ya uanachama, akalipitisha. Ukiwa na hadithi kama hiyo, usione haya kuisimulia.

Ila nilikuwa na siri. Nilikuwa nimesoma mbele. Katika sura iliyofuata mfalme anatoka majini, mzima, ameloa tu. Niliogopa mama yule angeanza tena kupika ugali wa watu wawili. Nikazishona kurasa zile kwa uzi mweusi, mshono mara mbili, nikaruka hadi sura ya vita.

Baada ya miezi kadhaa alikifunua kitabu mwenyewe.

"Fundi, siku hizi unashona hata karatasi?"

"Mama, hiyo sura..."

"Fumua."

Nilifumua kwa wembe, nikasoma mbele ya wateja. Mfalme akatoka ziwani. Mwenyekiti, aliyekuja kuchukua sketi, alipiga meza.

"Tumemlilia mtu aliye hai! Uji wetu je?"

Muuza dagaa alicheka mpaka akajifuta macho kwa khanga.

"Mwacheni arudi kwao. Wangu nilishamlilia, nimemaliza." Akavuta kigoda, akaketi. "Endelea, fundi. Na njaa yote hiyo, walimpikia nini?"